Waliosimama Nyuma ya Bob Marley: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kaseti yangu ya kwanza ya Bob Marley haikuwa na jina la mtu mwingine yeyote. Jalada lilikuwa fotokopi iliyokatwa kwa wembe, na upande wa ndani, mahali ambapo huandikwa nani kapiga nini, palikuwa peupe. Wengi wetu huku tulimpokea hivyo: mtu mmoja, rasta zake, gitaa lake. Baadaye nilipoanza kushika santuri zenye majalada kamili nikakuta majina kibao, na nikakuta pia kwamba majina yenyewe hayaaminiki. Kuna waliofanya kazi wasiandikwe, na kuna walioandikwa kwa kazi ambayo pengine hawakuifanya. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila mazungumzo yanapofika huko.

Bob Marley na The Wailers si kitu kimoja?

Inategemea unazungumzia mwaka gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Trench Town, Kingston, The Wailers lilikuwa kundi la waimbaji: Bob, Peter Tosh, Bunny Livingston (baadaye Bunny Wailer), Junior Braithwaite, na wasichana wawili, Beverley Kelso na Cherry Smith. Hawakuwa na bendi. Waliporekodi "Simmer Down" kwenye Studio One ya mtayarishaji Coxsone Dodd, ulioanza kutamba Jamaika mwaka 1964, ala zilipigwa na bendi ya The Skatalites.

Braithwaite aliondoka kwenda Marekani mwaka huohuo, na wasichana nao wakajitoa. Wakabaki watatu. Watatu hao walidumu hadi 1973, na kuanzia 1974 jina likageuka kuwa Bob Marley and the Wailers. Sasa "Wailers" wakawa ni wapiga ala, si waimbaji tena. Kwa hiyo mtu akikuambia anaipenda Wailers, muulize ipi.

Braithwaite nampa neno moja zaidi. Coxsone Dodd alipowasikia kwa mara ya kwanza, sauti iliyomvutia zaidi ilikuwa ya kijana huyo. Msikilize katika "It Hurts to Be Alone", Ernest Ranglin akimpigia gitaa. Aliuawa Kingston mwaka 1999.

Nani alimfundisha Bob kuimba?

Joe Higgs. Kama ningeruhusiwa kutaja jina moja tu katika ukurasa huu wote, ningetaja hili.

Higgs alizaliwa 1940, miaka mitano tu kabla ya Bob, lakini kimuziki alikuwa mzee wa mtaa. Yeye na mwenzake Roy Wilson walikuwa wawili maarufu waliojulikana kama Higgs and Wilson. Wimbo wao "Manny Oh" ulitayarishwa na Edward Seaga, ambaye wakati huo alikuwa mfanyabiashara wa santuri. Ndiyo, Seaga yuleyule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Jamaika, na akasoma risala kwenye mazishi ya kitaifa ya Bob mwezi Mei 1981.

Higgs alikuwa akiishi Third Street, Trench Town, na uwanja wa nyumba yake ukawa darasa. Hakudai ada. Vijana walikaa chini jioni, na mwalimu huyu akawaonyesha jinsi sauti tatu zinavyopangwa zisikanyagane: nani abaki chini, nani apande, nani ashike wimbo wenyewe. Aliwafundisha kuvuta pumzi, kutamka, na kuimba bila kutetemeka mbele za watu. Alikuwa mkali. Vijana hawa walikuwa wakipenda kuiga makundi ya Marekani, hasa The Impressions la Curtis Mayfield, na Higgs ndiye aliyewatoa kwenye kuiga akawapeleka kwenye kujua wanachokifanya.

Sasa angalia malipo yake. Mwaka 1973 Bunny alikataa kwenda kwenye ziara ya Marekani. Nani aliitwa kuziba pengo? Mwalimu. Alipanda jukwaani kama mbadala wa mwanafunzi wake, wakiifungulia njia bendi ya Kimarekani ya Sly and the Family Stone, ziara ambayo Wailers waliondolewa baada ya maonyesho machache. Tena, "Steppin' Razor", wimbo ambao watu wengi hudhani ni wa Peter Tosh kwa jinsi ulivyomkaa, uliandikwa na Joe Higgs. Alifariki Desemba 1999 huko Los Angeles. Ukitaka kumsikia mwenyewe, tafuta albamu yake "Life of Contradiction" ya 1975.

Ni kweli Bob alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma?

Alikuwa akijifunza kazi hiyo, na karakana ikamletea bahati. Mwenzake pale alikuwa Desmond Dekker, kijana mwenye sauti nyembamba tamu ambaye naye alikuja kuwa nyota. Dekker alitangulia kufika kwa mtayarishaji Leslie Kong, akamshawishi Bob naye ajaribu. Mwaka 1962 Bob akarekodi "Judge Not", akiwa na miaka 17. Santuri haikuuza.

Aliyewapeleka Wailers kwa Coxsone Dodd ni mtu mwingine: Alvin Patterson, maarufu kama Seeco, mpiga ngoma za mikono. Alikuwa mkubwa kwao kwa umri, akijuana na watu wa studio, akawashika mkono. Miaka ilipopita akaingia kwenye bendi na kukaa mpaka mwisho kabisa. Kwenye picha za jukwaani ndiye yule mzee mtulivu pembeni ambaye kamera haimwangalii.

Rita alikuwa mke tu, au naye alichangia?

Swali hili huulizwa na wanaume, sijui kwa nini. Rita Anderson alikuwa mwimbaji na kundi lake, The Soulettes, kabla hajafunga ndoa na Bob Februari 10, 1966. Siku chache baada ya harusi Bob akaenda Delaware, Marekani, kwa mama yake, akatafuta vibarua. Rita akabaki Kingston. Tarehe 21 Aprili mwaka huo Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, ambaye Marasta humwabudu, alipofika Jamaika, Rita alikuwa njiani miongoni mwa umati, akamwona, akaamini. Barua alizomwandikia mumewe kuhusu siku ile ni sehemu ya safari ya Bob kuelekea Urastafari. Yaani tukio kubwa kuliko yote katika historia ya Marasta wa kisiwa kile, Bob hakuwapo. Alisimuliwa na mkewe.

Halafu ikaja I-Threes. Mwaka 1974 Marcia Griffiths alikuwa na onyesho Kingston, akawaalika Rita na Judy Mowatt wamsaidie kuitikia. Sauti zao zikashikana palepale. Bob naye alikuwa ameachwa na Peter na Bunny, anahitaji sauti za juu. Akawaita kwa ajili ya albamu "Natty Dread".

Si sawa kuwaita waitikiaji tu. Griffiths alishatamba Uingereza mwaka 1970 akiimba na Bob Andy, na Mowatt baadaye alitoa "Black Woman", albamu ambayo mimi naihesabu miongoni mwa bora kabisa za rege. Kina mama hawa watatu walikuwa mastaa waliokubali kusimama hatua mbili nyuma. Sikiliza chochote cha kuanzia 1974, uwatoe kichwani, uone kinachobaki.

Mortimo Planno ni nani?

Mzee wa Kirasta wa Trench Town, msomaji wa vitabu na mwalimu. Siku ile ya Aprili 1966 umati ulivunja kamba uwanja wa ndege ukaizunguka ndege ya mfalme, na Haile Selassie akawa hawezi kushuka. Aliyepanda ngazi za ndege na kuwaomba watu wapishe ni Planno.

Bob aliporudi Jamaika alikaa miguuni pake, na kwa muda Planno alikuwa msimamizi wa kazi zake. Mwaka 1968 alimwandikia "Selassie Is the Chapel". Huo ni wimbo wa ibada, wala haukukusudiwa kuuza. Bila Planno, imani ya Bob ingekuwa na hisia nyingi na elimu kidogo.

Kwa nini mashabiki wakongwe wanapenda sana nyimbo za Lee Perry?

Kwa sababu pale ndipo Bob alipojipata. Kati ya 1970 na 1971 Lee "Scratch" Perry alitayarisha nyimbo ambazo zimo katika "Soul Rebels" na "Soul Revolution". Matarumbeta yakapungua, sauti ikasogezwa karibu na sikio, nafasi tupu zikaachwa tupu. Bob akaacha kuimba kama Mmarekani mweusi wa Chicago akaanza kuimba kama mtu wa Kingston.

Hesabu mwenyewe: "Small Axe", "Duppy Conqueror", "Kaya", "Sun Is Shining" zote zilizaliwa kwa Perry, na zote Bob alizirekodi tena baadaye kwenye albamu zilizouzwa dunia nzima. Watu waliozisikia kwenye albamu hizo wakadhani ni mpya.

Walikosana kwa ajili ya fedha, jambo la kawaida kabisa Kingston ya siku zile. Hawakuachana moja kwa moja: mwaka 1975 walitunga pamoja "Jah Live", na mwaka 1977 "Punky Reggae Party". Kosa kubwa kwa Perry, kama ni kosa, ni kwamba Bob aliondoka na wapigaji wake wawili.

Wapigaji gani hao?

Ndugu wawili wa baba na mama mmoja: Aston Barrett, mpiga besi, na Carlton, mpiga dramu. Hapa naomba unipe muda.

Aston alijiita Family Man kabla hajapata hata mtoto mmoja, kwa maana kwamba bendi ni familia na yeye ndiye baba. (Baadaye akapata watoto wengi sana, jina likawa halina ubishi.) Besi yake ya kwanza aliiunda mwenyewe kwa mbao na fimbo ya pazia. Carlton, aliyeitwa Carly, alianzia kwenye mikebe. Wakaanza na bendi ya Hippy Boys, wakawa Upsetters wa Lee Perry, wakahamia kwa Wailers.

Ukitaka kuelewa walichokileta, fanya hivi. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, polepole. Katika muziki mwingi wa Kimarekani, dramu kubwa inapiga kwenye moja, ndiyo nguzo. Carly aliiacha moja wazi. Alisubiri mpaka tatu, akaiangusha dramu kubwa pamoja na ukingo wa dramu ndogo kwa pigo moja. Marasta huliita pigo hilo "one drop". Hakulibuni peke yake, wapo wapigaji waliomtangulia, lakini hakuna aliyelifanya lisikike ulimwenguni kote kama yeye. Mguu wako unatafuta pa kukanyaga mwanzoni, haupati, unayumba mbele kidogo, halafu unapokelewa. Kuyumba kule ndiko watu wanakoita rege.

Na kwa sababu dramu imeacha pengo, besi inalazimika kubeba wimbo. Family Man hakupiga besi kama mtu anayeshikilia ukuta. Alipiga kama mwimbaji wa sauti nzito: mstari mfupi, wenye swali na jibu, unaourudia nyumbani bila kujua. Wengi wetu tukiimba rege kwa mdomo bila maneno tunaimba sehemu ya Family Man, si ya Bob.

Zaidi ya hapo yeye ndiye aliyepanga muziki. Bob alikuja na gitaa lake na maneno. Family Man akaamua kinanda kiingie wapi, gitaa likatekate wapi, nani anyamaze. Kwenye majalada amepewa cheo hiki au kile, lakini wapigaji wote waliopita humo walijua kiongozi wa mazoezi ni nani.

Carly aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Kingston tarehe 17 Aprili 1987, akiwa na miaka 36. Family Man alifariki Februari 3, 2024.

Ni kweli Family Man alikwenda mahakamani?

Ndiyo, London, mwaka 2006. Alidai mirabaha yake na ya marehemu mdogo wake, madai yaliyokadiriwa kuwa pauni milioni 60. Alishindwa. Jaji aliona kwamba mapatano aliyotia saini mwaka 1994 yalikuwa yamefunga mlango. Kisheria inaeleweka. Mimi bado kila nikisikia besi ya "Concrete Jungle"... hapana, ngoja, hiyo nayo si yake.

Kumbe nani?

Robbie Shakespeare, kijana bado, kabla hajaungana na mpiga dramu Sly Dunbar. Ndiyo maana nilisema majina hayaaminiki.

Na lile gitaa la kirock kwenye wimbo huohuo?

Wayne Perkins, mzungu kutoka Alabama, mpigaji wa studio za Muscle Shoals. Ilikuwa hivi. Johnny Nash, mwimbaji wa Kimarekani, na meneja wake Danny Sims walikuwa wamemsajili Bob mwishoni mwa miaka ya 1960 kama mtunzi. Nash aliifanya "Stir It Up" ya Bob kuwa wimbo wa kutamba Uingereza mwaka 1972. Mwaka 1971 Bob alikwenda Sweden kufanya kazi ya filamu na Nash, na huko akakutana na mpiga kinanda wa Texas, John "Rabbit" Bundrick. Kutoka hapo mambo yakakwama London, Wailers wakiwa hawana nauli ya kurudi, mpaka wakaingia ofisini kwa Chris Blackwell wa Island Records. Blackwell akawapa pauni 4,000 wakarekodi albamu nyumbani.

Bob aliporudi na kanda, Blackwell aliona wasikilizaji wa rock hawataelewa muziki uliokauka namna ile. Akawaita Bundrick na Perkins waongeze vionjo juu yake studioni London. Perkins hakuwa ameizoea rege kabisa. Hakujua mwanzo wa kipimo uko wapi. Akafumba macho akapiga. Solo yake kwenye "Concrete Jungle" ndiyo iliyowafungulia mlango vijana wa Ulaya, na jina lake halikuwekwa kwenye jalada la "Catch a Fire" la mwaka 1973.

Wapo wanaosema nyongeza zile ziliharibu albamu. Mimi nasema zimeipotosha kidogo na kuiokoa sana.

Nani aliandika "No Woman, No Cry"? Na maana yake ni nini hasa?

Nianze na maana, maana huku kwetu imepindishwa mpaka kwenye stika za daladala na matatu. Haisemi "bila mwanamke hakuna kilio". Katika Kiingereza cha Jamaika, "no cry" ni katazo: usilie. Ni mtu anayembembeleza mwanamke: hapana, mama, usilie. Ukiisikia hivyo, wimbo mzima unageuka. Si utani wa kapera tena, ni kumfuta mtu machozi.

Kuhusu mtunzi, santuri inasema V. Ford. Huyo ni Vincent Ford, aliyeitwa Tata, rafiki wa Bob tangu ujana. Ile "government yard" inayotajwa kwenye wimbo ni kile sisi tunachokiita kota: nyumba zilizojengwa na serikali, vyumba vimezunguka uwanja mmoja, jiko la pamoja. Tata alikaa First Street na jiko lake lilikuwa wazi kwa vijana waliolala njaa. Bob alikula pale na kulala pale, akajifunza nyuzi za gitaa pale. Kisukari kilimkata Tata miguu, akawa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Desemba 28, 2008. Uwanja ule leo ni jumba la makumbusho, Trench Town Culture Yard.

Sasa, je, aliandika yeye? Wakati huo Bob alikuwa amefungwa na mkataba wa uchapishaji na kampuni ya Danny Sims, Cayman Music. Kila wimbo uliobeba jina lake ungeingia kwenye mkataba huo. Ghafla, kuanzia "Natty Dread" ya 1974 na "Rastaman Vibration" ya 1976, majalada yakajaa majina mengine: Rita, ndugu wa Barrett, Allan Cole, Vincent Ford. "Positive Vibration" ni V. Ford. "Johnny Was" ni Rita. "Who the Cap Fit" ni Aston na Carlton. Cayman ilidai huo ni ujanja wa kukwepa mkataba, na ugomvi ukaendelea miaka mingi baada ya Bob kufa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba haki za nyimbo 13, ukiwamo "No Woman, No Cry", zilikuwa zimeshahama kutoka Cayman katika makubaliano ya 1992. Mahakama iligawa haki. Haikutuambia nani alikaa na kalamu usiku ule.

Mtazamo wangu: wimbo una sauti ya Bob, lakini moto, uji wa mahindi na uwanja vinavyotajwa humo ni vya Tata. Kama Bob alimwandikia jina ili kukwepa mkataba, alimwandikia mtu ambaye wimbo usingekuwepo bila jiko lake. Na mirabaha inasemekana ilisaidia sufuria ya Tata isizimike.

Nyongeza ndogo: toleo la kwanza la 1974 lina mashine ya dramu na limepoa. Lile unalolijua ni la jukwaani, Lyceum, London, Julai 1975. Solo ya gitaa ni ya Al Anderson, aliyetoka New Jersey.

"War" nayo?

Maneno ni ya Haile Selassie, kutoka hotuba yake Umoja wa Mataifa, New York, Oktoba 4, 1963. Santuri inasema Allan Cole na Carlton Barrett. Mfalme hakupata mirabaha.

Cole, aliyeitwa Skill, alikuwa mwanasoka hodari kuliko wote Jamaika, aliyewahi kusakata kabumbu hadi Brazil. Alikuwa swahiba wa Bob, akamsukuma kwenye mazoezi ya mbio na mpira na akapigania nyimbo zipigwe redioni. Septemba 1980, Bob alipoanguka akikimbia Central Park, New York, aliyekuwa naye ni Cole. Siku mbili baadaye, Septemba 23, Bob alifanya onyesho lake la mwisho huko Pittsburgh.

Peter na Bunny walifukuzwa?

Hapana. Bunny alichoka na baridi ya Uingereza na chakula kisicho cha Kirasta, akakataa ziara. Peter alikasirika kwamba Island inamtanguliza Bob mbele. Wote wawili walikuwa na nyimbo nyingi na nafasi kidogo. Peter ndiye aliyekuwa na ujuzi wa ala mwanzoni na aliyemwonyesha Bob mengi ya gitaa. "Get Up, Stand Up" waliitunga pamoja. Bunny baadaye alitwaa Grammy tatu. Peter aliuawa Septemba 1987, miezi mitano baada ya Carly.

Kwa hiyo Bob mwenyewe alifanya nini?

Alitunga, aliimba, na alijua nani wa kumwita. Msilichukulie hilo la tatu kirahisi. Mtu anayeweza kuwaweka chumba kimoja fundi wa Lee Perry, mpiga bluzi wa Indiana (Donald Kinsey, aliyekuwamo nyumbani kwa Bob usiku wa Desemba 3, 1976 walipovamiwa kwa risasi), na kina mama watatu ambao kila mmoja ana jina lake, na wote wakasikika kama kitu kimoja, huyo ana kazi yake. Alikuwa wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kuondoka. Waliofanya naye kazi hulirudia hili mno kiasi cha kuchosha.

"One Love" pia ina mtu nyuma yake?

Jalada la "Exodus", 1977, linasema "One Love/People Get Ready", na Curtis Mayfield ametajwa kama mtunzi mwenza. Hapa kwa mara moja karatasi imesema kweli.

Nani alichora majalada?

Neville Garrick, aliyesoma UCLA na kufanya kazi gazetini Kingston kabla ya kuwa mkurugenzi wa sanaa wa Bob. Alichora majalada kuanzia "Rastaman Vibration" lenye sura ya gunia, akaongoza na taa za jukwaani pia. "Exodus" alilipa herufi zenye umbo la Kiamhari.

Jalada lililo karibu nasi zaidi ni la "Survival", 1979. Amepanga bendera za nchi huru za Afrika kama viraka vya kanga, na humo amepitisha mchoro wa meli ya watumwa, watu wamelazwa kama samaki wakavu. Hakuna picha ya Bob. Fikiria kampuni ya santuri ikiambiwa nyota wake haonekani kwenye jalada! Humo ndimo ulimo wimbo "Zimbabwe", uliomfikisha Bob uwanja wa Rufaro, kwenye sherehe za uhuru wa nchi hiyo, usiku wa kuamkia Aprili 18, 1980. Gharama ya kuleta vyombo aliibeba mwenyewe. Mabomu ya machozi yaliyorushiwa umati uliokuwa nje yalifika mpaka jukwaani. Garrick alifariki Novemba 2023.

Na mafundi mitambo?

Hawa hata mashabiki wagumu huwasahau. Sylvan Morris aliyekuwa studio ya Harry J zilikorekodiwa albamu za mwanzo za Island. Karl Pitterson aliyeshika mitambo ya "Exodus" London. Alex Sadkin aliyetayarisha "Survival" pamoja na bendi. Ule uzito wa besi unaotingisha spika za basi, kuna mtu aliukalia usiku kucha akiupima.

Nianzie wapi kusikiliza ili niwasikie watu hawa?

Mwaka 2001 "Catch a Fire" ilitolewa upya ikiwa na diski mbili. Moja ni ile tuliyoizoea. Nyingine ni ya Kingston, kabla kanda hazijaguswa London. Cheza "Stir It Up" ya London kwanza, yenye gitaa la Perkins na kinanda cha Bundrick. Kisha weka ya Kingston. Mwanzoni utaona kama kuna kitu kimeibwa. Vumilia ubeti mmoja. Sikio likishakosa pa kushika juu litateremka lenyewe, na huko chini utamkuta Family Man, hana haraka.